Migomba ya Leticia

Mpe Mshambaa ardhi popote, hata juu ya bati, atakuuliza migomba ikae upande gani. Mimi ni Mdigo, nimeishi nao tangu utotoni, na utani huo ni haki yangu. Kwa hiyo Noa alipohamia Kokotoni na lori lenye vitanda, masufuria na machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwa gunia bichi, mke wangu Nasma na mimi tulicheka mbele yake bila haya, naye akacheka pamoja nasi.

Kokotoni ni malisho. Iko nyuma ya mashamba ya mkonge, mbele ya Pongwe, mahali ambapo mawingu hupita juu yetu yakienda kunyesha kwao milimani, sisi yakatuachia manyunyu. Juu ya ardhi ni kokoto tupu. Ukiokota moja ukaligeuza, upande wa chini lina ukoko mweupe ulioganda. Ukichimba, jembe linapita kwenye udongo wa kijivu, laini, wenye vumbi, na kabla shimo halijafika magotini linagonga tabaka jeupe, gumu, linalorudisha jembe mkononi. Maji ukimwaga yanazama hapo hapo, na kesho yake huoni hata unyevu. Lakini nyasi zake, fupi hivyo hivyo, mbuzi wanazipenda mno. Mbuzi wetu hawakondi hata kiangazi, na wachinjaji wa Pongwe wanalalamika kwamba mifupa yao inamaliza makali ya panga. Ardhi yetu tunaijua kwa hayo, na ndizi hatujawahi kuiomba.

Noa alikuwa dereva wa trekta kwenye mkonge. Alipostaafu hakuwa na pa kurudi, maana shamba la baba yake kule Bumbuli lilikuwa limegawanywa kwa ndugu mpaka kila mmoja amebaki na matuta. Mkewe, Leticia, hakutaka kuja. Alisema mara moja tu: "Baba Loveness, kule hakuna hata kivuli."

"Nitakupandia kivuli," Noa akamjibu. "Utakaa chini ya migomba kama kwa mama yako."

Basi akaja.

Migomba ikashika, ikatoa majani. Halafu majani yakaanza kufifia. Mishipa yake ilibaki kijani, lakini katikati ya mishipa rangi ikageuka manjano, kisha nyeupe, na jani jipya likatoka limepauka kuliko la jana. Noa akafanya alivyofanya baba yake. Milimani udongo ni mwekundu na mchachu, na mgomba ukidhoofika huwekewa majivu ya jikoni, na ukipata chokaa unaongeza. Akaweka majivu. Migomba ikazidi kupauka. Akaongeza majivu, na mara moja moja akaleta gunia la chokaa kutoka kwenye matanuri ya Pongwe, amelifunga nyuma ya baiskeli, usiku wa jana yake akiwa amejisifu kwa mkewe kwamba sasa dawa imepatikana.

Chokaa ile ikashindwa, ndipo alipolisema lile neno. Nililisikia mwenyewe, nimekwenda kuazima koleo. Noa alikuwa amesimama mbele ya mgomba ulioinama, na mkewe yuko mlangoni na sufuria mkononi.

"Bibi yangu alikuwa akisema mgomba unamjua anayeuhudumia," alisema, bila hata kumgeukia. "Wewe moyo wako uko Bumbuli. Ndiyo maana migomba haistawi."

Leticia aligeuka. Aliingia ndani. Mimi nilichukua koleo nikaondoka, na njia nzima nikawa namlaumu Noa moyoni, mtu mzima kumtwisha mkewe kosa la jani.

Kuanzia hapo Leticia ndiye aliyeshika majivu. Alfajiri, kabla hajawasha moto, anachota jivu la jana kwenye mafiga, analitia kwenye karai, anazunguka shina kwa shina akilimwaga taratibu kwa mkono. Nasma alimwona kila siku, akiwatoa mbuzi. Walikuwa mashoga wale wawili, mmoja wa msikitini na mwingine wa kanisani, wakigawana mboga na maneno yote. Hilo la majivu tu hawakulizungumza, kwa kuwa Nasma hakuona la kuuliza na Leticia aliona haya. Alikwenda Bumbuli kumzika mama yake, akarudi siku ya pili, matanga hayajaondolewa. Tukashangaa. Mtoto wa marehemu anaachaje matanga ya mama yake? Alisema tu kwamba ana kazi nyumbani.

Miaka ikapita, presha ikamwanza, miguu ikavimba. Akawa anaburuta lile karai badala ya kulibeba. Siku za mwisho alimwita Nasma kitandani.

"Shoga, ndugu zangu watakuja na gari," alimwambia. "Wasinipeleke Bumbuli. Nizikwe hapa hapa. Labda Baba Loveness ataamini kwamba moyo wangu ulikuwa huku."

Ndugu walikuja kweli, na gari, na hasira. Nasma akawapa nusu ya kwanza ya wasia. Nusu ya pili alinipa mimi tukiwa peke yetu, akilia, na tukakubaliana isifike kwa mfiwa. Kaburi tulilichimba kwa mtaimbo. Lile tabaka jeupe lilitoka vipande vipande, na mashemeji wa Noa walisimama pembeni wakitazama ndugu yao anavyopangiwa mawe, mtu aliyezaliwa kwenye udongo laini ambao jembe linazama bila nguvu.

Siku ya kuondoa matanga, binti yao Loveness, fundi cherehani wa Tanga mjini, alikaanga samaki waliotoka Kigombe. Tuliketi mkekani nje, karibu na migomba, au niseme karibu na vijiti vilivyobaki. Loveness akakata ndimu, akakamulia samaki wa baba yake. Matone machache yakaangukia kokoto pembeni ya mkeka, na kokoto likachemka. Likatoa povu jeupe, likafanya sauti ndogo kama soda inayofunguliwa.

Noa akaliangalia. "Nini hicho?"

"Ndimu na chokaa, shemeji," alisema Nasma.

"Chokaa imetoka wapi? Mwaka huu sijaleta."

Nasma akacheka, maskini, hakujua anacheka nini. "Chokaa iletwe Kokotoni? Jiwe hili ndilo chokaa. Udongo wote huu, mpaka kule chini tulikopiga mtaimbo. Marehemu baba alikuwa akiyachoma mawe haya haya kwenye tanuri lake, na palipomwagika chokaa yake jani halioti likawa kijani."

"Na majivu?"

"Majivu si yale yale tu? Unaongeza chokaa juu ya chokaa." Halafu akakumbuka. "Kwani yale majivu ya shoga yangu yalikuwa ya nini? Mimi siku zote nilidhani mnafukuza siafu."

Noa alichukua kile kipande cha ndimu mkononi mwa binti yake, akainuka. Alikwenda kwenye mgomba wa kwanza akakamua chini, pakachemka. Akaenda wa pili, pakachemka. Alizunguka shina kwa shina, njia ile ile aliyokuwa akipita mkewe, akiinama kila mahali na kutazama povu.

"Tate, njoo ule," Loveness alimwita baba yake. Hakusikia.

Aliporudi uso wake ulikuwa umeparara. "Nilimwambia ni yeye," alisema. "Nasma, nilimwambia migomba inakufa kwa sababu yake."

Nasma aliniangalia. Nilitikisa kichwa kumkataza, lakini tayari machozi yalikuwa yanamtoka, na mwanamke yule akianza kulia hana siri. Akampa ile nusu ya pili ya wasia, neno kwa neno. Noa akakaa chini juu ya kokoto, akalia kwa sauti mbele ya mtoto wake, na mimi niliyekuwa na hasira naye miaka yote hiyo nikashindwa pa kuiweka.

Baadaye alikwenda kaburini. Nilimfuata kwa mbali, nikihofia presha yake naye. Alipiga magoti akakamua tone la mwisho la ndimu juu ya kifusi. Palichemka kidogo.

"Leticia, haikuwa wewe," alisema. "Ni ardhi. Haikuwa wewe hata kidogo."

Alirudia hivyo mpaka povu likaisha na maji ya ndimu yakazama. Ningependa kusema kwamba roho ilimtulia. Haikutulia. Maneno yale yalikuwa ya kusemwa pale mlangoni, mwenyewe akiwa hai na sufuria mkononi.

Asubuhi yake Nasma na mimi tulikuwa tunatoa mbuzi. Noa alikuwa ameamka mapema, amechota jivu la jana kwenye mafiga kama lilivyokuwa likichotwa siku zote. Tulimkuta amesimama mlangoni pa jikoni, karai limejaa mikononi mwake, hajui alipeleke wapi.