Vidonge Alivyoleta Jirani

Juzi nilikuwa nikingoja majibu yangu kwenye dirisha la maabara, hapa Malindi, bibi mmoja wa mtaa wa Shella akamkabidhi fundi kikopo cha makohozi. Daktari alishuku homa ya mapafu.

"Shikamoo, bibi. Kuna dawa yoyote umetumia nyumbani?"

"Marahaba. Hakuna, mwanangu."

Fundi hakukiweka kikopo chini. "Na waliokuja kukutazama, wamekuletea nini?"

Bibi akahesabu kwa vidole. "Uji wa pilipili manga, ndimu, na vidonge vya rangi mbili alivyobakisha jirani. Nimemeza siku tatu. Mtu hakatai hidaya."

"Basi huenda vimeshaua baadhi ya viini vya ugonjwa. Tukiotesha makohozi haya, yaani tukivikuza viini vilivyomo, tusione kitu, daktari atadhani mapafu ni mazima, nawe unaumwa." Akaandika kwenye fomu.

Nimesomesha watoto miaka mingi, na bado husahau kwamba aliyejibu vibaya pengine ameulizwa vibaya. Kwetu, dawa ni ya daktari. Ya jirani ni wema.

Bibi akainama dirishani, akanong'ona: "Mwandikie daktari yote, mwanangu. Ila jirani usimtaje. Uji wake naupenda."