Mwalimu wa Steno Alivyomuimbia Riziki

Mwanangu, jana kwa kilio nilikusikia unamuambia ule mama aliyefiwa anyamaze, eti Mungu iko na mupango wake. Nilikasirika, ila sikutaka kukuaibisha mbele ya watu. Leo kaa hapa, nikuambie.

Ile siku tulikimbia vita kutoka Ngungu sijaisahau. Nilikuwa ningali mama kijana. Mutoto wangu Riziki alikuwa na homa, nikamufunga mugongoni. Njia ilikuwa matope tupu, mvua inapiga, watu wanasukumana. Alilia sana, kisha akanyamaza, na mimi nikashukuru. Kufika Shasha nikamufungua, kumbe amekwisha kufa. Mpaka leo sijui alinifia wapi.

Tulilala ndani ya kanisa na wakimbizi wengine. Watu wakaja kunifariji. Huyu anasema Mungu amemupenda zaidi, yule anasema nitazaa mwingine.

Kati yetu kulikuwa Papa Zakaria, mwalimu mwembamba mwenye kutunga nyimbo za kwaya yetu ya kanisa, yenye tulikimbia nayo. Mu shule alifundisha wasichana steno, ile maandishi ya alama ndogo-ndogo ya kushika maneno muntu akiwa bado anasema. Akakaa chini kando yangu, akatoa kalamu.

"Mama, sema," akaniambia. "Mimi nitafuata."

Nikasema yote ovyo-ovyo, na kutukana nikatukana. Hakunikatiza hata kidogo.

Asubuhi akanisomea wimbo. Ndani mulikuwa maneno yangu mwenyewe: "Nilifikiri amelala. Na wewe Mungu, ulifikiri nini?" Hapo njo nikalia mara ya kwanza.

Muzee wa kanisa aliposikia, akakataa. "Mwalimu, ondoa hiyo swali, weka shukrani. Hatuwezi kumuuliza Mungu hivyo mbele ya kaburi."

"Ingekuwa yangu, ningeondoa," Mwalimu akajibu. "Lakini hii maneno iko ya mama. Mimi nilishika tu."

"Basi kwaya haitaimba. Na wewe ukiimba, kwaya umeiacha leo."

Hiyo kwaya ilikuwa kila kitu kwake, maana muke hana, na shule ilikuwa imechomwa. Nilimuomba aweke tu ile shukrani. Akatikisa kichwa. Kwa kaburi la Riziki akaimba peke yake, sauti inakwaruza, wanakwaya wanatazama chini. Alipofika kwa lile swali, akarudia. Kisha akabeba mufuko wake, akaenda.

Baadaye nilisikia alifika Walikale, akalima muhogo kwa watu wasiomujua. Alikufa kule kabla sijaenda kumushukuru, na hiyo inaniuma vibaya sana. Walisema walimuzika bila wimbo.

Sasa sikiliza. Ukienda kwa kilio, acha mahubiri nyumbani. Kaa chini. Ukikosa la kusema, uliza jina la marehemu. Mwenye kufiwa akimulaumu Mungu, usimukatize; Mungu hajakutuma umutetee. Mimi ningepoteza akili kama Papa Zakaria hangeniacha niseme mpaka mwisho. Kwa hiyo leo rudi kwa ule mama, mikono mitupu, umusikilize.

Mungu akupe moyo wa kuvumilia kilio cha wengine. Na siku yako ya kulia, maana itafika mwanangu, usikose muntu wa kukaa kando yako mpaka umalize kusema.