Mdalasini wa Alhamisi

Mara ya kwanza Birthe kumwona Asger, kijana alikuja yadini kwa huyo mama kutafuta mlango wa gari. Wa kwake alikuwa ameuharibu kwa mateke. Birthe alikuwa amekata magari mabovu na kuuza vipuri hapo Randers, Denmark, miaka thelathini, alianza na spana za kuazima, na mteja mwenye hasira hakumtisha.

"Krona mia tisa."

"Mia nne."

"Mia nne chukua kioo chake."

Asger akaupiga teke mlango uleule aliokuwa akiupigania bei. Ukabonyea.

"Umeshaununua," Birthe akasema. "Na bado ni mia tisa."

Hakuwa nazo. Birthe akamtazama mabega, akampa nyundo: avunje magari matatu, achukue mlango wake. Alivunja matano, akiyatwanga utadhani yamemtukania mama. Kesho yake akaajiriwa.

Mengine Birthe aliyapata kidogokidogo. Saratani ilimkamata Asger akiwa na miaka ishirini na mbili. Alipona, lakini dawa zilimwachia mapafu yenye makovu na ngumi zisizotulia. Mtu mmoja alimwambia ana bahati, Asger akamvunja pua. Hakimu akampa kifungo cha nje: akimgusa mwingine, anaingia ndani miezi sita.

Kilichokuwa kikimzuia ni kikao cha mtandaoni, Alhamisi saa kumi: vijana sita waliopona saratani na mshauri wao Sidsel, kwenye kioo cha tableti. Nyumbani mama yake alisimama mlangoni akilia, basi kijana akaomba ofisi ya yadi.

"Kila kikao, unanilipa nusu saa ya kazi Ijumaa," Birthe akasema.

"Mama wewe mnyonyaji."

"Na wewe una ofisi."

Birthe alikuwa akisafisha kabureta hapo nje ya dirisha, masikio wazi. Binti wa Odense, aliyekatwa mguu, alisema anaota akimnyonga kila anayemwita shujaa. Asger akacheka mpaka akakohoa.

"Rafiki zako wanajua habari ya mapafu?" Sidsel akamuuliza.

"Wakijua watanishika kama yai."

Alhamisi moja Asger akatimiza ishirini na tano, hana mke, na huko hiyo ina maana moja: nguzo, kamba, mdalasini. Rafiki zako wanakufunga, wanakumwagia unga wake mwili mzima. Rafiki yake Troels alifika na wenzake wawili, ndoo mbili za unga huo, na miwani ya kuogelea ya kumkinga macho. Kamba walisahau. Birthe ndiye aliyewapa, akicheka. Mila ni mila.

Walimng'oa kitini katikati ya kikao, wakamfunga nguzo ya taa getini. Ndoo ya kwanza ikamwingia mdomoni. Akavuta pumzi, haikuja. Midomo ikawa ya buluu.

"Anaigiza huyu!" Troels akapiga kelele, akammwagia ya pili.

Mkono mmoja ukachomoka. Asger akamshika Troels koo, akampiga kichwa cha uso; meno mawili yakaanguka kwenye mdalasini. Kamba ikalegea. Akaokota bomba la ekzosi, akalinyanyua juu ya fuvu la rafiki yake.

Ofisini tableti ilikuwa ikipiga ukunga. Ni yule binti wa Odense, aliyekuwa akiona yote kupitia dirisha: "Mama wa yadi! Mapafu yake! Maji, haraka!"

Hapo ndipo Birthe alipokumbuka alichosikia dirishani. Akavuta mpira wa maji, akawalowesha wote.

"Asger!" binti akalia tena. "Waambie! Usipige, waambie!"

Bomba likashuka kwenye kioo cha gari la Troels. Asger akapiga magoti, akatapika rangi ya kutu.

"Mapafu," akasema. "Dawa ziliyaunguza."

Troels akatema damu. "Si ungesema, mbwa wewe!"

Akatoa simu kuita polisi. Birthe akasimama mbele yake.

"Waite. Wataanza na nani? Na waliomfunga mgonjwa nguzoni?"

"Meno yangu je?"

"Ile giaboksi ya gari lako uliyoililia kwangu mwezi mzima. Chukua, uiweke simu."

Troels akaondoka na giaboksi, bila meno mawili. Asger hakufungwa, siri yake ndiyo iliyokwenda, na sasa wale watatu wanamshika kama yai, mpaka anatukana.

Birthe alikosa giaboksi, na zaidi. Ijumaa Asger alivua ovaroli muda ulipofika tu.

"Na nusu saa yangu?" Birthe akauliza.

"Kamba ilikuwa ya nani, mama?"

Birthe akamfungulia geti. Ofisi ya Alhamisi anaitoa bure mpaka leo.