Namna Mado Alipata Majina ku Wamaza

Mado ni asistanti sosiali, mutoto wa muji wa Kasongo mwenyewe, miaka makumi tatu na kitu, akicheka anacheka na meno yote. Kazi yake njo hii: wakubwa wakisema "wenye kukosa zaidi watunzwe bure ku santre ya afya," yeye anapanda pikipiki mupaka ku kijiji cha Wamaza kutafuta hao wenye kukosa ni nani. Kusema mu ofisi iko rahisi. Kufika kule na mugongo muzima, wee!

Siku ile alikuwa na listi ya nafasi makumi mbili, na kesho asubui listi ilipaswa kurudi Kasongo. Jina moja lilikuwa linamusumbua ku roho: Mama Jeannette, mujane, mulimaji wa mihogo, mwenye kidonda ku muguu tangu mvua za kwanza. Muganga alishasema wazi: bila matunzo ya kweli, ule muguu utakatwa.

Watu walijaa mu kalasi ya shule ya primeri, wazee wamekunja magoti ku mabenchi ya watoto. Mado akauliza, "Wapendwa, nani hapa anakosa kupita wote?"

Kila mutu akaangalia magoti yake. Hata mwenye kukohoa alimeza kikohozi.

Kiisha Papa Michel, fundi wa kinga, zile baiskeli, akasimama. "Andika Chefu kwanza."

"Chefu? Si iko na mbuzi kumi na tano!"

"Mama, listi gani inaanza bila Chefu? Unataka tumuzarau?"

Makofi! Chefu Salomon akainama kidogo, furaha imemujaa, akashukuru watu wake. Basi Mado akamuandika juu kabisa, ku mustari wa mwenye kutia sahihi, inje ya zile nafasi makumi mbili. Unaona akili hiyo?

Halafu akajaribu polepole: "Na Mama Jeannette?"

Ayi! François, kaka ya Jeannette, akaruka kama amekanyaga siafu. "Nani masikini? Dada yangu? Kwani sisi tulishakufa?"

Na Jeannette mwenyewe, fimbo mukononi: "Mwanangu, masikini ni mutu asiye na watu. Mimi niko na watu. Futa."

Pale Mado akajua kosa ni lake. Ku masomo walimufundisha kutafuta mwenye shida zaidi, lakini hapa kumutaja mutu hivyo mbele za watu ni kutukana ukoo muzima. Akageuza ulizo.

"Sawa. Hii juma, nani alisaidia mwenzake? Nataka kusikia wenye roho nzuri."

Kalasi ikalipuka!

"Mimi nilichotea Mama Jeannette maji!"

"Ndoo moja tu, mimi tatu!"

"Mimi nilipelekea Yves kipofu mboga ya sombe!"

François naye akakataa kushindwa: "Na mimi nilibeba dada yangu ku mugongo mupaka ku misa!"

Mado anaandika, anaandika. Si majina ya wenye kujisifu, hapana: ya wale waliosaidiwa.

Jeannette akamutazama kwa pembe ya jicho. "Wewe mutoto uko mujanja. Lakini sadaka sitaki."

"Haiko sadaka, mama. Humu mu kalasi mutoto wa Chefu anasoma, na wa mujane anasoma. Nani anaitwa masikini sababu ya kukaa ku benchi?"

"Hakuna."

"Matunzo njo vile. Iko haki yako. Watu wako wanaweza kukubebea maji. Kidonda hawawezi kukibeba."

Jeannette akaangalia muguu wake. Kitambaa kilikuwa kimeloa tena. Akaangalia François, na François akashusha macho.

"Dada, ukweli, ile dawa mimi siiwezi. Kubali."

Jeannette akanyoosha kidole gumba. "Leta wino."

"Kesho mimi njo nitamupeleka ku santre!" François akasema mbio.

"Na ile kinga yako bila breki?" Papa Michel akamucheka. "Atafika na vidonda viwili!"

"Acheni kelele," Jeannette akasema, sasa anacheka na yeye. "Michel atanipeleka, François atanirudisha. Na wewe Mado, usikimbie na njaa. Iko wali na maharagi kwangu."