Nani Alikuwa Nyuma Yangu Bafuni

Leo nimeogeshwa na mama mkwe wangu. Msinicheke kwanza.

Tuko Takawiri, kambi ya akina mama wa kanisa. Bafu letu ni turubai limezungushwa kando ya ziwa, juu wazi, kila mtu na beseni lake.

Nilikuwa na sabuni mpaka machoni. Nikasikia mtu nyuma, nikajua ni rafiki yangu Akinyi. Nikampa wavu wa kuogea.

"Nisugue mgongo, na usinibembeleze."

Akasugua. Vizuri, wacha tu.

Halafu nikasikia, "Umekonda, nyar Awendo."

Binti wa Awendo. Kambi nzima ni mtu mmoja tu ananiita hivyo.

Nilifikiria kukimbia, lakini leso ilikuwa mbali. Na huyu ni mama ambaye, kwa heshima, hata kochi moja siwezi kukaa naye.

"Pole, mama. Sikujua ni wewe."

Akamaliza kwanza. Kisha akanirudishia wavu, akageuka.

"Sasa mimi. Tangu baba yenu afariki, hapo katikati ya mgongo hakuna mtu amenifikia."

Nyinyi mlioolewa, mngefanyaje?

Mimi nilisugua. Hakusema inatosha, na mimi sikuharakisha.