Kisu Kilipopita Fito za Juu

Baridi ilipoingia bonde la Bangdong, Ok Sun-rye alikuwa ameshakosea, ila hakujua. Mumewe alifariki Februari, akamwachia mzinga mmoja wa gogo nyuma ya jiko, umefunikwa kofia ya majani ya mpunga. Baada ya jalidi ya kwanza kugandisha umande, Sun-rye alikata asali peke yake. Alikumbuka marehemu akisema kisu kinakoma kwenye fito, vijiti vilivyopita ndani ya gogo kushikilia masega. Alipokuta fito za juu, akadhani ni za kushikilia kifuniko, akaendelea hadi za chini.

Januari jirani yake, mzee Pyo Man-seok, alipita kurudisha beseni. Akauinamisha mzinga kwa kiganja kimoja, ukainuka kwa wepesi. Kisha akamuuliza kisu kilikomea wapi. Sun-rye akamwonyesha kwa kidole.

"Umewapora, shemeji," alisema. "Hata mwizi huacha sufuria."

Sun-rye hakucheka. Man-seok akamweleza kwamba asali iliyo chini ya fito za juu ndiyo chakula chao cha baridi, na sasa nyuki hao huenda wasifike Machi. Maji ya sukari kwenye baridi ile yangewaharisha, na kufungua mzinga kungewaondolea joto walilobakiwa nalo.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alibandika sikio kwenye gogo. Siku nyingine alisikia mvumo, siku nyingine aliisikia damu yake mwenyewe tu. Kwenye kalenda aliandika: sauti, sauti ndogo, sijui. Mlangoni mwa mzinga alikuta nyuki wafu kumi na mmoja, kesho yake thelathini. Hofu yake hakumwambia mtu: kitu pekee cha mumewe kilichokuwa kikipumua kingemfia mikononi.

Asali yote ilishagawiwa ndugu. Lilibaki sega moja kwenye mtungi, la kuwekwa kwenye meza ya ibada ya kumkumbuka marehemu, mwaka wake wa kwanza. Zilisalia siku sita. Siku hiyo gogo halikutoa sauti yoyote, naye akaenda kumwita Man-seok wawarudishie nyuki sega hilo.

"Na mezani utamwekea nini?" mzee aliuliza alipouona mtungi.

"Akikasirika, kaka, aje aniambie mwenyewe."

Wakasubiri hadi saa sita mchana, jua lilipogusa ukuta na baridi ikapungua. Man-seok akanyanyua kifuniko. Chini kabisa Sun-rye aliona kishada cha nyuki walioshikamana, kikubwa kama ngumi, kimetulia tuli. Akalishusha sega polepole hadi likawakaribia, kifuniko kikarudi. Hakuna nyuki aliyesogea. Man-seok alijikung'uta magoti akasema wamefanya walichoweza, na kwa namna alivyosema, Sun-rye aliona ameshawazika.

Theluji ikaanguka siku nne. Hakubandika sikio tena. Aliogopa kupata jibu. Siku ya ibada aliweka mezani kokwa za miti ya nyumbani, kunazi na keki za mchele bila asali. Ndugu wa mumewe wakaulizana kwa macho asali iko wapi. Sun-rye akainama mbele ya picha ya marehemu muda mrefu kuliko wote, asijue anaomba radhi ya nani.

Asubuhi iliyofuata jua lilitoka kali. Alienda nyuma ya jiko kumwaga maji, akasimama. Juu ya theluji, mbele ya mzinga, palikuwa na matone madogo ya manjano, kinyesi cha nyuki walioruka. Mlangoni nyuki mmoja alikuwa akiburuta maiti ya mwenzake kuitoa nje. Akaiangusha, akarudi ndani. Sun-rye alichuchumaa na ndoo yake, asithubutu kupumua, akimsubiri atoke tena.