Ng'ombe za Babu Nilizifuta Mimi, Si Yule Dada

Nimekosa. Naanza hapo ili nisipate kona ya kujifichia. Na weye unayesoma, weka pole yako mfukoni, siihitaji! Ukimaliza kusoma hutataka kunipa hata hiyo.

Mimi ni kijana wa Bunia, nasoma informatiki katika chuo kimoja hapa mjini. Jina langu siliandiki. Ndiyo, ni uoga! Nimekuwa mwoga miezi mingi, mnivumilie siku moja zaidi.

Babu yangu, baba mzazi wa baba, alikuwa mfugaji kule Djugu. Alikuwa na ng'ombe zaidi ya mia moja. Tulipokimbia, wenye bunduki walizichukua zote, naye akaingia Bunia na fimbo yake na koti moja. Tangu hapo alikaa uani kwetu akigombana na kila kitu. Maziwa ya unga aliyaita maji ya chokaa. Redio aliiambia inyamaze. Mimi aliniita mvivu hata nikiwa nafua nguo zake.

Lakini ng'ombe zake alikuwa nazo kichwani. Kwetu ng'ombe si gunia la kuhesabu tu. Akizaliwa anapewa jina, kwa ajili ya rangi yake, au tabia, au jambo la siku ile, na jina lake linafuatwa na jina la mama yake, na la mama ya mama yake. Anayezijua ng'ombe za nyumba anajua pia nani alioa kwa ng'ombe zipi na watoto wa nani ni ndugu. Babu alizitaja zote kila asubuhi kabla ya chai, kama mtu anayesali. Alizitaja kwa lugha yetu. Hapa nitayaweka majina kwa Kiswahili ili muelewe.

Halafu kichwa chake kikaanza kuvuja. Anafika kwa ng'ombe aitwaye Kiziwi, anasimama, anarudi nyuma, anakasirika, anapiga fimbo chini. Sisi wote tuliona. Akisahau yeye, hakuna mtu mwingine duniani anayezijua.

Shangazi Esta, dada ya baba, ndiye anayetulea tangu baba afariki. Akaleta daftari na kalamu. Mimi nikamcheka!

"Tantini, panya itakula hiyo kaye," nikamwambia. "Acha. Miye nitaweka yote mu machini."

Laiti angenichapa na hiyo kaye siku ile.

Basi kila asubuhi nilikaa na babu, kompyuta juu ya kiti cha mbao, waya wa sola umepita dirishani. Yeye anataja, mimi naandika. Nikichelewa ananifokea.

"Andika! Weye mukono yako iko na usingizi? Nimesema Mwenye Nyota, mama yake Bibi Harusi. Sasa mama ya Bibi Harusi iko nani?"

"Sijui, Babu."

"Hujui! Na unakulaka bugali hapa kila siku!"

Programu ya kuzitunza ilikuwa ya lugha ya C, ile tunayofundishwa chuoni. Watu wa nyumbani walidhani nimeitunga mimi. Uongo! Sehemu ya faili aliniandikia dada mmoja wa darasa letu, nitamwita Kavira. Si jina lake, maana ameshaumizwa vya kutosha. Kwao walitoka Butembo, mji wa wafanyabiashara kusini yetu, mama yake anauza vitenge sokoni. Kavira alikuwa anasikiliza mwalimu. Mimi nilikuwa naangalia mpira kwenye simu.

Nisikilizeni, jambo lenyewe ni dogo, ndiyo maana linaniua. Katika C huwezi kugusa faili kabla ya kuifungua kwa amri ya fopen. Na ukiifungua lazima useme unaifungua ya nini, kwa herufi moja tu. Ukiweka r, unasoma. Ukiweka a, unaongeza mwishoni, na vya zamani vinabaki. Ukiweka w, unaandika. Lakini kuandika kwa w ni ukatili: ikikuta faili imejaa, inaifuta yote kwanza, halafu ndiyo inakuruhusu kuandika. Haikuulizi kama una hakika. Haipeleki kitu kwenye kapu la taka ili ukakiokote kesho. Imekwisha!

Kavira aliweka a. Na aliniambia kwa mdomo wake, tumesimama mlangoni pa darasa: "Ile a usiiguse. Na ufanye kopi kwa flashi. Muzee hawezi kukusemea mara mbili."

Nikamjibu, "Sawa, madamu profesa." Wenzangu wakacheka. Kopi sikufanya.

Kazi ilikwisha baada ya wiki sita, Kavira akaishika kompyuta siku moja kunirekebishia kasoro ya mwisho. Ng'ombe mia moja na kumi na nane, kila mmoja na mama yake! Babu alifurahi mpaka akaacha kunitukana siku mbili nzima. Shangazi akaita familia Jumapili baada ya kanisa, wasikie ng'ombe zikisomwa. Baba mdogo, anayeuza mbao Komanda, alikuwa anakuja. Mtoto wa shangazi alikuwa anatoka Bambu na mke wake.

Na hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Darasani walikuwa wananitania kwamba programu yangu imevaa kitenge. Nikasema Jumapili baba mdogo atauliza nani ametengeneza, na mimi lazima nijibu bila kumeza mate. Jumamosi nikafuta yote aliyoandika Kavira, nikaandika upya kwa mikono yangu. Nilipofika kwenye fopen nikaweka w. Kwani si ni ya kuandika? Nami si nataka kuandika?

Niliijaribu! Msidhani sikuijaribu. Nilitengeneza faili tupu, nikaingiza ng'ombe mmoja wa uongo, nikaomba orodha, akatokea. Mmoja aliingia, mmoja akatoka. Nikajipongeza. Faili tupu haina cha kufutwa, mjinga mimi!

Jumapili uani palijaa. Babu amevaa lile koti lake, amekataa chai, amekataa kuketi kwenye kiti cha plastiki. Nikafungua kompyuta. Kabla sijaanza kusoma akainua fimbo.

"Ngoja. Asubuhi nimekumbuka moja ingine. Iliponyoka mu kichwa. Inaitwa Anarudi Peke Yake. Mama yake Kiziwi. Nyeusi, pembe ya kushoto imevunjika. Walimwiba mara mbili, mara mbili akarudi yeye mwenyewe."

Watu wakacheka kwa furaha. Nikamwandika. Nikabonyeza. Programu ikasema: imehifadhiwa.

Nikaomba orodha.

Anarudi Peke Yake, mama Kiziwi, nyeusi, pembe ya kushoto imevunjika.

Mstari mmoja! Chini yake, hakuna kitu.

"Na zingine?" baba mdogo akauliza.

Nikabonyeza tena. Mstari mmoja. Nikaifungua faili yenyewe kwa mkono. Mstari mmoja. Palepale nilijua. Niliiona ile w kama mtu anavyoona nyoka baada ya kumkanyaga.

Babu hakuelewa. Alikuwa bado anatabasamu. "Soma basi," akasema. "Weye unaogopa nini?"

Sasa sikilizeni kosa langu lenyewe, maana hilo la herufi lilikuwa kosa la mjinga tu, na mjinga anaweza kusamehewa. Watu kumi na wawili walikuwa wananiangalia. Mdomo wangu ukafunguka, ukasema, "Ni Kavira. Ni yeye alifanya hii programu. Ameiharibu."

Ulitoka wepesi, ule uongo! Wala sikuutafuta.

"Kavira gani?" shangazi akauliza.

"Wa chuo. Wale wa vitenge. Wa Butembo."

Hilo la Butembo nililiongeza mimi mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza kwao ni wapi. Nililiongeza kwa sababu nilijua litafanya kazi gani uani kwetu, kwa watu waliopoteza kila kitu na wanaotafuta wa kumlaumu. Na likafanya! Baba mdogo akasimama: "Hawa watu! Soko wamechukua, sasa hata ngombe yenye ilibaki mu kichwa ya muzee!" Wote wakadakia. Mimi nikainamisha kichwa kama niliyeonewa.

Kesho yake nikampelekea kompyuta fundi mmoja kando ya bulevadi, ile barabara kuu. Alihangaika siku mbili. Akanirudishia picha za harusi za yule aliyeniuzia kompyuta hiyo. Watu nisiowajua wanakata keki! Ng'ombe hata mmoja hakuna.

Tukamwomba babu aanze tena. Shangazi akashika daftari, lile nililolicheka. Babu akafumba macho, akataja saba. Wa nane akampa mama asiye wake. Akajua amekosea, akarudi mwanzo, akataja watano. Akajaribu tena, watatu. Akaanza kulia. Babu yangu, ambaye hata siku ya kukimbia hakulia!

Akasema, "Mara ya kwanza walichukua watu wa bunduki. Mara ya pili, hapa nyumbani." Kisha akamwambia shangazi afunge daftari. Toka siku ile hakutaja tena ng'ombe, wala asubuhi, wala mchana. Aliacha hata kunitukana. Mngejua jinsi nilivyotamani aniite mvivu!

Jumatano ya wiki ile ile Kavira akaja kwetu. Alikuwa amesikia chuoni kwamba faili imepotea. Mimi nilikuwa chumbani. Shangazi alikuwa mlangoni anachambua maharagwe.

"Jambo, mama. Niko natafuta—"

"Unatafuta nini hapa? Umekuja kuangalia kama muzee amekufa?"

"Mama, miye nimekuja na—"

"Toka! Umwambie mama yako mwizi, vitenge yake hatutavaa tena mu nyumba hii. Toka kabla sijakumwagia hii maji!"

Nilisikia kila neno. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua nne, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Sikutoka! Nilivuta shuka, nikajifanya nimelala, saa nane ya mchana, na jua likiwaka dirishani.

Babu alifariki mvua zilipoanza. Siku ya maziko baba mdogo alisimama akasema mzee ameuawa na huzuni, na aliyemletea huzuni Mungu anamjua. Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema amina! Nilijilaani kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya pasta.

Baada ya matanga nilimtafuta Kavira. Nilimkuta sokoni, anakunja vitenge kwenye meza ya mama yake. Hakuniambia karibu. Nikamwambia yote, pale pale, mpaka wateja wakageuka. Alinisikiliza bila kuacha kukunja.

"Unajua siku ile nilikuwa nimekuja na nini?" akaniuliza.

"Hapana."

"Na flashi. Wakati ulinipa machini yako nitengeneze ile kasoro ya mwisho, nilijua weye hutafanya kopi, nikajifanyia kopi. Ngombe mia moja na kumi na nane. Nilikuwa nazo mu mukono, mbele ya tantini yako."

Nilinyoosha mkono. "Iko wapi?"

"Nilitoka kwenu nikilia. Aliita mama yangu mwizi, na weye ulikuwa ndani, niliona viatu yako mulangoni. Nikafika nyumbani, nikaifuta. Weye ulifuta bila kujua. Miye nilifuta nikijua, na ile usiku sikulala kwa ajili ya muzee wenu. Hakunikosea kitu. Ni weye tu." Akachukua kitenge kingine. "Sasa toka hapa, unaziba wateja."

Nikatoka. Motari mmoja akasimamisha pikipiki yake, akaniuliza naenda wapi, nikampita.

Basi, nyie vijana mnaojifunza, nawaonya kwa ukali kwa sababu upole haukunisaidia. Ukiona w ndani ya fopen, toa mkono, ufikirie mara mbili. Uliza ndani ya faili kuna nini, na nani alikuambia hayo, na kama bado ana nguvu ya kuyasema tena. Fanya kopi! Usijaribu kazi yako na faili tupu halafu ukajiita fundi. Na akikuambia mwenzako aliyesikiliza darasani, funga mdomo umsikilize, hata kama wenzako watacheka mpaka wakauke.

Lakini kuliko hayo yote, ukiharibu, sema "ni mimi" palepale, ukiwa bado unatetemeka. Ningesema ile Jumapili, babu angenipiga fimbo, shangazi angenitukana wiki nzima, na Jumatano Kavira angeingia na flashi mkononi. Ng'ombe zote zingekuwa zimerudi siku ya nne! Kosa la herufi yangu lilikuwa limesharekebishwa na ile flashi. Uongo wangu ndio uliozimaliza.

Shangazi bado hajui. Baba mdogo bado anamlaani yule dada, na vitenge vya mama yake nyumbani kwetu haviingii. Nimejaribu kusema mara tatu mezani, mara tatu nimeomba chumvi.

Ndiyo maana naandika hapa. Jina langu nimelificha, la Kavira nimelibadilisha. Ila yule ng'ombe mmoja aliyebaki sikumbadilisha chochote: Anarudi Peke Yake, mama yake Kiziwi, nyeusi, pembe ya kushoto imevunjika. Katika Bunia yote kuna nyumba moja tu inayomjua. Binti yake shangazi huwa anamsomea mama yake kurasa hizi, mama akichambua maharagwe. Tantini, ukisikia hapo, acha maharagwe. Niko chumbani.